Sura ya Tisa: Aliyemfunika Uso

Usumani alikana mara ya kwanza, akakana mara ya pili, na mara ya tatu akaomba maji. Hapo Mutesi, mpelelezi wa polisi, akajua amempata. Miaka ya kuhoji watu ilikuwa imemfundisha kwamba anayeficha jambo hukaukwa koo mapema, na yeye mwenyewe, kwa uchovu aliokuwa nao asubuhi ile, angefurahi kama na yeye angeletewa glasi.

Walikuwa wamekaa kwenye benchi nje ya ghala la saruji huko Kabeza, ghala ambalo Usumani alililinda usiku. Hatua chache kutoka pale, kando ya mtaro, ndipo alipookotwa kijana Audace Nduwayo akiwa amekufa, alfajiri moja ya mvua mwezi uliopita. Usumani ndiye aliyemwona wa kwanza, na ndiye aliyepiga simu.

"Mzee wangu, sijaja kukufunga," Mutesi alisema. "Nataka neno moja tu. Ulipomkuta, uso wake ulikuwa wazi au umefunikwa?"

"Afande, si nilisema yote siku ile?"

"Ulijibu yote uliyoulizwa. Hili hakuna aliyekuuliza."

Hakuna aliyeuliza kwa sababu kesi ilionekana imeiva tangu mwanzo. Shema, kinyozi wa Gisimenti, alijisalimisha mwenyewe. Alieleza kwamba waligombana na Audace kwenye baa, akampiga chupa ya usoni, na Audace akaondoka akipepesuka na kutukana, akielekea kwao Kabeza kwa miguu. Daktari alikuta majeraha mawili: moja juu ya jicho, jingine kubwa kisogoni. Ikasemwa la kwanza ni la chupa, na la pili alilipata alipoanguka kwenye ukingo wa mtaro. Kila mtu aliridhika, hata Shema, aliyekubali kwa kichwa kilichoinama kwamba amemuua mwenzake.

Halafu ikaja Jumapili. Katika ukumbi wa parokia, kikundi cha upatanisho cha hapo parokiani kilimleta Shema chini ya ulinzi, apige magoti mbele ya wazazi wa marehemu, Silvère na Ingrid. Kikundi kina sharti lake, nalo halina mchezo: anayeomba msamaha husimulia yote mbele ya aliowakosea, tangu mwanzo hadi mwisho. Ukweli nusu haupokelewi, unarudishwa nao nyumbani. Shema akasimulia ugomvi na chupa. Kisha akaongeza ambalo hakuwa amelitaja kituoni, kwamba roho ilimsuta, akamfuata Audace hadi Kabeza, akamkuta ameshakata roho, akaogopa. "Nikamufunika uso na jaketi yake," alisema, "ndio nikakimbia."

Ingrid alipiga ukelele mmoja, akainuka, akaweka mikono yake miwili juu ya kichwa cha yule kijana. Msiba mzima mama huyo alikuwa na swali moja tu kwa kila aliyekuja kumpa pole: mwanangu aliachwa uso wazi? Mvua ile yote ilimpiga usoni? Usiku wa Jumapili, kwa maneno ya mumewe, alilala hadi asubuhi, mara ya kwanza tangu wazike.

Ambaye hakulala ni Mutesi. Alikuwa amekaa nyuma kabisa ya ukumbi, na katika picha zote alizopiga mwenyewe pale mtaroni, hapakuwa na jaketi.

Usumani alimaliza maji. Akaingia kwenye kibanda chake, akatoka na mfuko wa saruji uliokunjwa, akauweka kwenye benchi bila kumtazama.

"Iko hapa. Niliitoa usoni nione kama anapumua. Nikaona amekufa. Nikasema, wakikuta nimegusa maiti wataniuliza mengi. Nikaiweka. Baadaye nikaona aibu kuirudisha. Wallahi sijaivaa hata siku moja."

"Ulimwambia nani?"

"Nimwambie nani, afande? Kitu cha maiti! Hata mke wangu hajui."

"Unamfahamu kijana anaitwa Shema? Au mzee yeyote wa parokia?"

"Mimi ni mtu wa msikitini. Wa parokia nitawajulia wapi?"

Mutesi alivaa glovu, akaikunjua jaketi ile ya jinzi juu ya mapaja yake. Kifuani palikuwa na matone ya damu iliyokauka, na hilo alilielewa: ni damu ya jeraha la jicho. Ndani, mahali palipokuwa pamelala juu ya uso, palikuwa na doa hafifu. Akaigeuza mgongo. Ukosi ulikuwa safi. Akaugeuza tena na tena, akautazama kwenye jua. Kisogo kilichopasuka vile kingeloanisha ukosi wote na mabega. Kwa hiyo Audace alipopata lile pigo la pili hakuwa ameivaa. Ilikuwa mahali pengine, na mtu akaichukua kutoka huko akaja kumfunika nayo.

Mtu anayeanguka peke yake mtaroni havui jaketi kwanza.

Alimpigia simu Norman, mkuu wake, mtu aliyekulia Kampala na asiyependa faili lilale mezani kwake.

"Basi hiyo jaketi imemkaanga Shema vizuri zaidi," Norman alisema. "Amekiri alimfuata mpaka Kabeza. Akammalizia. Mutesi, faili linakwenda kwa mwendesha mashtaka kesho."

"Inawezekana, bosi."

"Unaposema inawezekana hivyo, najua unaniharibia siku."

Kusema kweli, na yeye aliona hivyo hivyo njiani kwenda kituoni: Shema amewadanganya wote, kinyozi yule mwenye machozi ya karibu ni mwuaji wa kukusudia. Wazo hilo lilimchosha kuliko kumkasirisha. Alimfikiria Ingrid na mikono yake miwili.

Shema aliletwa akiwa amevaa kandambili. Alijifunza kunyoa kwa Mkongomani, na Kiswahili chake alikichukua huko huko pamoja na kazi.

"Keti," Mutesi alisema. "Jaketi ya Audace ulimvulia wapi?"

"Pale... pale alikuwa amelala."

"Alikuwa ameivaa?"

"Ndiyo, afande."

"Ukaivua kwenye mwili wa mtu aliyelala chali, mikono yote miwili, mvua inanyesha. Ulianza na mkono gani?"

Shema aliitazama mikono yake miwili, kama anayechagua.

"Rangi yake?"

"Nyeusi."

"Ni ya bluu, ya jinzi. Ulimpiga chupa ukiwa umesimama mbele yake, na hukuona rangi?"

"Kwenye baa taa ilikuwa mbaya." Alianza kulia. "Afande, wacha. Mama yake alishanisamehe. Mambo imekwisha."

"Haijakwisha. Ukiendelea kusema ulifika Kabeza, unajitia kitanzi mwenyewe. Nitauliza mara moja tu. Ulifika?"

Kijana alifuta pua kwa mkono.

"Sikufika," alisema. "Mimi nilimupiga na chupa, hiyo nakubali, na nilijua ndiyo ilimuua. Lakini Kabeza sikufika. Nililala kwa shangazi yangu, muulizeni."

"Na jaketi?"

"Mzee Niyongabo alinifundisha."

Mutesi aliweka kalamu chini. Niyongabo alimfahamu vizuri, kama walivyomfahamu wote walioingia kwenye msiba ule. Ndiye kiongozi wa kikundi cha upatanisho, rafiki wa Silvère tangu utoto wao Bujumbura, na baba wa ubatizo wa Audace. Ndiye aliyembembeleza Silvère mpaka akakubali kukutana na Shema, na Jumapili alipiga magoti kando ya kijana akimshika bega.

"Alikufundisha vipi?"

"Alikuja hapa kunitayarisha, namna ya kuomba. Akasema mama hataweza kupumzika kama hajui mtoto wake alifunikwa. Akasema, wewe sema ulimufunika. Mimi nikasema, mzee, huo ni uongo, na sheria yenu ni kusema ukweli. Akasema si uongo, alifunikwa kweli, na jaketi yake. Ni vile tu aliyemufunika hajulikani. Akasema itakuwa ni zawadi yangu kwa mama."

"Ukamuuliza amejuaje?"

"Ni mzee, afande. Utamuuliza?"

Hapo ndipo Mutesi alipoegemea kiti na kufumba macho kidogo. Si kwamba alikuwa anawaza, hesabu ilishakamilika. Usumani aliiona jaketi akaificha. Polisi hawakuijua hadi leo. Aliyejua kwamba Audace alifunikwa kabla ya Usumani kufika ni mmoja tu, yule aliyemfunika. Mtu huyo alijificha vizuri mwezi mzima, akala na wafiwa, akachimba kaburi, na angeendelea kujificha hadi uzeeni kama asingemhurumia mama.

Alimpigia Norman tena. Safari hii Norman hakubisha, akauliza tu kama anahitaji gari.

Nyumba ya Silvère ilikuwa kwenye kilima cha Kabeza, na geti lilikuwa wazi kama linavyokuwa kwenye nyumba yenye msiba. Ngabo, askari aliyeendesha, aliegesha nje. Sebuleni Silvère alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi, na Ingrid alikuwa anafunga sahani kwa kitambaa.

"Dada, karibu," Ingrid alisema. Uso wake ulikuwa umepata nuru kidogo, na Mutesi aliona vibaya kuutazama. "Sisi tuko tunatayarisha chakula ya Shema. Niyongabo anasema huko kituoni hawali vizuri. Utatupeleka?"

"Tutaona, mama Audace."

Niyongabo alitoka jikoni na chupa ya fanta, akaifungua mbele ya mgeni kama ilivyo desturi, akamwekea mezani. Alikuwa mtu mnene, mtaratibu, mwenye mikono iliyopauka kwa kazi. Alikuwa na karakana ya matairi barabara ya uwanja wa ndege. Mutesi hakuigusa ile fanta.

"Mzee Niyongabo, nina swali dogo. Habari ya jaketi uliipata wapi?"

"Jaketi gani?"

"Aliyofunikwa nayo Audace."

"Si Shema alisema, Jumapili?"

"Shema anasema wewe ndiye uliyemwambia aseme."

Niyongabo alicheka kidogo. "Yule mtoto amechanganyikiwa. Lakini, ndiyo, nilisikia. Watu waliomuokota walisema."

"Aliyemwokota ni mtu mmoja. Aliitoa kabla hajapiga simu, akaificha, hakumwambia hata mkewe. Sisi wenyewe tumeiona leo asubuhi."

"Basi nilimuona huko kwenye chumba cha maiti."

"Alifika huko bila jaketi. Mimi ndiye niliyemsindikiza."

"Niyongabo," Silvère alisema, kwa sauti ya mtu anayemsaidia rafiki, "mwambie tu ulisikia wapi, dada aende na kazi yake."

Ingrid alikuwa ameacha kufunga sahani. Alikuwa anamtazama Niyongabo, na Mutesi akaona kwamba mama ameshafika, mapema kuliko mumewe, mahali ambapo yeye mwenyewe alihitaji asubuhi nzima kufika.

"Ulikuwa unauliza kila siku, Ingrid," Niyongabo alisema. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Kila siku. Aliachwa uso wazi, aliachwa uso wazi. Mimi niko nimekaa hapo, kwenye hiyo kiti, nasikia. Sikuweza tena."

"Umesema nini?" Silvère aliuliza.

Niyongabo alijaribu kupiga magoti. "Mama Audace, nisamehe. Silvère, ndugu yangu..."

"Simama," Ingrid alisema. "Usiombe. Yule mtoto ulimfundisha aseme kwanza, yote, ndipo aombe. Na wewe sema."

Akasema akiwa amesimama, mikono imening'inia. Usiku ule alikuwa anatoka kazini na gari lake, akamkuta Audace njiani anavuja damu juu ya jicho, akampakia. Kijana alivua jaketi kwa sababu ya ile damu, akaiweka kwenye kiti. Pale karibu na ghala gurudumu likaisha upepo, wakashuka kubadilisha, mvua ikinguruma juu ya mabati ya ghala. Ndipo Audace akamwambia hamtaki tena Kaliza, mchumba wake. Barua za harusi zilishatoka. Niyongabo ndiye aliyekwenda kumposea, ndiye aliyesimama mbele ya wazee wa msichana na kumdhamini kwa jina lake. Alimsihi. Audace alikuwa amelewa, akamcheka, akasema jina la mzee kama yeye linanuka matairi, akageuka aende zake.

"Nilikuwa na spana ya magurudumu mkononi," Niyongabo alisema. "Mara moja tu. Alianguka pale pale. Nikamuita, nikamuita. Nikachukua jaketi garini."

"Ukamwacha," Ingrid alisema.

"Nikamwacha."

Silvère alikuwa ameshika mgongo wa kiti. Alifanya kama anayetaka kwenda kumpiga, akapiga hatua moja, akarudi, akakaa. "Mwezi mzima ulinibembeleza nimsamehe," alisema. "Mimi sikutaka. Wewe ndiye uliniambia kusamehe ni kutua mzigo. Niliutua, Niyongabo. Niliutua mbele ya watu! Sasa mimi nianzie wapi?"

Mutesi alimsomea mzee haki zake kwa sauti ya chini, akamfunga pingu, akamtoa. Katika kazi yake alikuwa amewapelekea watu habari nyingi mbaya, lakini hakuwa amewahi kuwanyang'anya amani waliyokwisha kuipata. Alijiona mwizi.

Majirani walikuwa wameanza kujaa getini. Ngabo alimkalisha Niyongabo kiti cha nyuma, katikati, na Mutesi akaingia upande wa kulia. Ndipo Ingrid alipotoka, kitenge mabegani, na kile chakula mkononi.

"Shema mnamfungulia?"

"Ana kosa la kumpiga mwenzake chupa, hilo litabaki. La kuua tutamfutia. Leo hii nitaliandika."

"Nataka kwenda kwake. Alibeba kifo cha mwanangu, na sisi tukambebesha na uongo juu. Sisi ndio wa kumuomba."

"Nitaleta gari jingine, mama."

"Nimengoja vya kutosha."

Kanuni inakataa, na Mutesi aliijua kanuni neno kwa neno. Alikuwa amechoka mno kuitamka. "Basi kaa mbele," alisema. "Karibu na Ngabo."

Ingrid alitazama kile kiti cha mbele. "Sitaki kumpa mgongo," alisema, na akaingia nyuma, upande wa kushoto, bega kwa bega na Niyongabo. Chakula akakipakata. Silvère alibaki mlangoni. Alipoitwa na mkewe alitikisa kichwa tu, akarudi ndani.

Waliteremka kilima. Wenye maduka walitazama gari likipita, wakarudi kwenye mambo yao. Niyongabo alikuwa amejikunyata asimguse Ingrid, lakini kiti cha watu watatu hakina pa kujikunyata. Mutesi aliweka mkono wake tayari, kwa lolote ambalo mama angetaka kufanya. Asingemlaumu, angemzuia tu.

Walipofika kwenye kona kali kabla ya barabara kubwa ya kwenda Remera, pikipiki ilikatiza, na Ngabo akapinda usukani kwa nguvu. Mutesi alishika mlango. Niyongabo, mwenye pingu nyuma ya mgongo, hakuwa na cha kushika. Alitupwa mbele mzimamzima, uso ukielekea kwenye chuma cha kiti. Mkono wa Ingrid ulitoka wenyewe. Ulimdaka kifuani, ukamrudisha, ukamsimamisha wima kama mtoto anayefundishwa kukaa. Kisha akautazama mkono ule, kama si wake, akaurudisha juu ya sahani.

"Usifikiri nimekusamehe," alisema.

"Najua."

"Siko na nguvu hiyo. Ile niliyokuwa nayo nilimpa mtoto wa watu."

"Najua, mama Audace."

"Nimekushika usianguke. Basi."

Niyongabo alianza kulia bila sauti, machozi yakimdondokea kifuani, na hakuwa na mkono wa kuyafuta. Ingrid aliyaona. Alitazama dirishani kwa muda mrefu, barabara ikapita, taa za kwanza za Remera zikaonekana. Halafu, bila kugeuza uso, akavuta pembe ya kitenge chake, akamfuta.